Orodha ya Jeni na Familia Zisizomo

Nimeitwa nieleze jinsi hifadhidata ya jeni za uvimbe wa ateri inavyojengwa. Nitaeleza. Lakini nataka mjue mapema ninakoelekea, ili mnipime njiani. Hifadhidata za namna hiyo zipo tayari duniani, zinafanya kazi, zimeokoa watu, na sisi Warundi karibu hatumo. Kutokuwemo kwetu kuna madhara, na daktari wa Kamenge, hapa Bujumbura, atakutana nayo kwenye karatasi ya majibu ya mgonjwa wake.

Tuanze na mwili wenyewe. Ateri ni mishipa inayochukua damu kutoka moyoni. Kubwa kuliko zote ni aota. Inatoka juu ya moyo, inapinda kifuani, inashuka mbele ya uti wa mgongo hadi usawa wa kitovu, na hapo inagawanyika kuelekea miguu miwili. Ukuta wake una tabaka tatu, na la kati ndilo linalobeba kazi: lina nyuzi za elastini zinazotanuka kwa kila pigo la moyo na kurudi, nyuzi za kolajeni zinazozuia ukuta usipasuke, na seli za misuli laini zinazotengeneza nyuzi hizo na kuzikarabati. Moyo hupiga kama mara 100,000 kwa siku, na kila pigo husukuma ukuta huo. Ukidhoofika mahali, mahali hapo huanza kutuna. Mmewaona vijana wanaoshuka kwa baiskeli kutoka Bugarama wakiwa wamepakia ndizi. Mpira wa ndani ukichakaa upande mmoja, upande huo ndio unaotoa nundu, na kadiri nundu inavyokua ndivyo mpira unavyozidi kuwa mwembamba. Huo ndio uvimbe wa ateri, ambao madaktari wetu waliosoma kwa Kifaransa huuita anevrizimu.

Kwa kawaida hauumi. Aota ya tumbo la mtu mzima ina upana wa sentimita 2 hivi, na ikifika 3 tunasema imevimba. Mwenye nayo hulima, huuza sokoni, huzaa na kulea, bila kujua lolote. Kisha siku moja ukuta hupasuka, au tabaka zake huachana na damu ikajipenyeza katikati, hali tunayoiita kuchanika kwa aota. Kuchanika kunapoanzia karibu na moyo, kila saa inayopita bila upasuaji katika siku mbili za kwanza huongeza hatari ya kifo kwa asilimia 1 hadi 2. Charles de Gaulle alipasukiwa na aota nyumbani kwake jioni ya tarehe 9 Novemba 1970, na hakufika hospitali. Albert Einstein aliwahi kufunguliwa tumbo mwaka 1948 na daktari Rudolph Nissen, akafungiwa uvimbe wake kwa selofani kwa kuwa wakati ule hapakuwa na njia bora. Uvimbe huohuo ndio uliopasuka na kumuua mwaka 1955.

Hao walikuwa watu mashuhuri, vifo vyao vikaandikwa. Kwenye mitaa yetu kijana wa miaka 30 akianguka ghafla na kufa, maneno hutangulia kabla ya jeneza: amepewa sumu, amerogwa, kuna jirani aliyemtilia kitu kwenye pombe. Nimeona ndugu wa tumbo moja wakiacha kusalimiana kwa maneno ya namna hiyo. Sisemi kwamba hakuna anayeua mwenzake kwa sumu. Nasema kwamba mwili hauchunguzwi, maziko hufanyika upesi kama dini na hali ya uchumi zinavyodai, na mwaka wa nne au wa kumi mdogo wake marehemu naye anaanguka vilevile. Hapo hadithi ya laana ya ukoo huzaliwa. Ukweli ni kwamba ukoo ulikuwa umeshatoa ushahidi mara mbili, na hakuna aliyeuandika.

Sasa sikilizeni kisa cha familia ambayo ushahidi wake uliandikwa. Flo Hyman alikuwa mchezaji wa voliboli wa Marekani, mwanamke mweusi mwenye urefu wa mita 1.96, aliyepata medali ya fedha katika Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984. Tarehe 24 Januari 1986, akichezea klabu moja ya Japani katika mji wa Matsue, alitolewa uwanjani kupumzika, akaketi kwenye benchi, akaanguka. Alikuwa na miaka 31. Kwanza ilisemwa ni mshtuko wa moyo. Mwili ulipochunguzwa ikaonekana aota ilikuwa imechanika, na kwamba alikuwa na ugonjwa wa Marfan bila mtu yeyote kuutambua maishani mwake. Kwa sababu hiyo kaka yake alipimwa. Naye alikuwa na ugonjwa uleule, aota yake ilikuwa imeshatanuka, akafanyiwa upasuaji akiwa bado mzima. Kwangu mimi, sayansi yote ninayowaeleza leo inaanzia kwenye uamuzi ule wa kumpima kaka. Hifadhidata ya jeni ni njia ya kufanya uamuzi huo kwa watu wasiofahamiana, walio kwenye mabara tofauti.

Ugonjwa huo ulipewa jina la Antoine Marfan, daktari wa Paris aliyeeleza mwaka 1896 habari za binti wa miaka 5 mwenye vidole virefu na vyembamba. Ilichukua karibu miaka mia moja kufika kwenye chanzo. Mwaka 1991 Harry Dietz na wenzake wa Baltimore walionyesha kwamba wagonjwa wa Marfan wana kasoro kwenye jeni iitwayo FBN1, iliyo kwenye kromosomu ya 15. Jeni hiyo ni maelekezo ya kutengeneza fibrilini, protini inayoshikilia nyuzi za elastini zisisambaratike. Mtu mmoja kati ya 5,000 hivi ana ugonjwa huu. Mzazi mwenye nao humpa kila mtoto nafasi nusu kwa nusu ya kuurithi, awe wa kiume au wa kike, na takriban robo ya wagonjwa hawakurithi kwa mzazi yeyote, kasoro ilianza kwao.

Baada ya FBN1 zikafuata nyingine. COL3A1, jeni ya kolajeni, ikiharibika mishipa hupasuka hata kabla haijatanuka, na ujauzito huwa wa hatari. Mwaka 2005 Dietz na Mbelgiji Bart Loeys walieleza ugonjwa unaotokana na TGFBR1 na TGFBR2, ambao hushambulia ateri mwili mzima, si aota peke yake. Mwaka 2007 kundi la Dianna Milewicz huko Houston likatoa ACTA2, na hii ndiyo inayonisumbua kuliko zote. Mwenye kasoro ya ACTA2 mara nyingi hana dalili ya nje ambayo daktari angeishika. Urefu wake ni wa kawaida, macho yake mazuri, vidole vyake kama vyangu na vyako. Kasoro iko ndani ya misuli laini ya ukuta wa ateri, kwenye protini inayoifanya misuli hiyo ijikaze. Hutamtambua kwa kumwangalia. Utamtambua kwa kumuuliza: baba alikufa vipi? Na shangazi? Kati ya watu wenye uvimbe wa aota ya kifua, mmoja katika watano hivi ana ndugu wa karibu mwenye tatizo hilohilo.

Jeni zilipoanza kuongezeka, ikabidi ziwekwe mahali. Victor McKusick, daktari wa Johns Hopkins ambaye mwenyewe aliwachunguza wagonjwa wengi wa Marfan, alichapa mwaka 1966 kitabu cha orodha ya magonjwa yote ya kurithi yaliyojulikana. Kitabu hicho kilirudiwa mara nyingi na baadaye kikahamia kwenye kompyuta, ambako kinaendelea kuongezwa hadi leo. Huko Ufaransa, Gwenaëlle Collod-Béroud na wenzake walitengeneza miaka ya 1990 hifadhidata ya jeni moja tu, FBN1. Mtu angeuliza, jeni moja inahitaji hifadhidata nzima ya nini? Ni kwa sababu FBN1 ni ndefu, na inaweza kuharibika mahali popote. Leo imekusanya mabadiliko zaidi ya 3,000 tofauti, na mengi kati ya hayo yameonekana kwenye familia moja tu duniani. Kwa hiyo kujua jeni inayohusika hakutoshi. Unapopata badiliko kwa mgonjwa wako unataka kujua kama kuna familia nyingine yenye badiliko hilohilo, huko Lille au Nairobi, na nini kiliipata.

Naomba mnivumilie niingie ndani ya mstari mmoja wa hifadhidata, kwa sababu wengi hudhani ni kazi ya kunakili majina. Kwanza huandikwa jeni, kisha badiliko lenyewe kwa lugha moja inayokubaliwa kimataifa: herufi ya ngapi, ilikuwa nini, imekuwa nini, ukihesabu kutoka kwenye nakala gani ya marejeo. Ukikosea nakala, herufi zote zinahama na familia mbili zenye kasoro moja zinaonekana kuwa na kasoro mbili. Halafu huandikwa dalili, nazo kwa maneno yaliyopangwa, kwa sababu daktari mmoja akiandika "aota pana" na mwingine "aota imetanuka sentimita 4.6 kwenye mzizi", kompyuta haitajua kwamba wanazungumzia jambo moja. Huandikwa umri, nani katika familia anaumwa na nani hana kitu, na je, badiliko linafuatana na ugonjwa au linapatikana hata kwa mjomba wa miaka 80 asiyeumwa popote. Mjomba huyo ana thamani kubwa. Anaweza peke yake kuibomoa hoja nzima. Huandikwa majaribio ya maabara kama yapo. Mwisho huandikwa hukumu na tarehe ya hukumu, kwa sababu hukumu hubadilika.

Hukumu ndiyo kazi ngumu. Mwaka 2018 jopo la wataalamu wa nchi mbalimbali, chini ya mradi uitwao ClinGen, lilichapisha matokeo ya kuzipitia jeni 53 zilizokuwa zimetajwa kuhusiana na uvimbe na kuchanika kwa aota ya kifua. Walisoma ushahidi wa kila moja na kuupa alama. Jeni 9 zilipata daraja la ushahidi usio na shaka, 2 ushahidi wenye nguvu, 4 ushahidi wa wastani, 15 ushahidi mdogo, na 23 zilizobaki hazikuwa na ushahidi wowote uliochapishwa kwa binadamu. Yaani katika 53, ni 11 tu ambazo daktari angeweza kuzisimamia mbele ya mgonjwa bila kusita. Nyingine zilikuwa zimeingia kwenye vipimo vya kuuza kwa sababu ziliwahi kutajwa mahali. Mimi huliheshimu jopo lile kuliko wengi waliovumbua jeni mpya, kwa kuwa kupunguza orodha hakumpi mtu sifa, ilhali mgonjwa anahitaji orodha iliyopunguzwa.

Sasa nafika kwetu. Ili kusema badiliko fulani linaleta ugonjwa, swali moja la mwanzo ni: watu wasioumwa wangapi wanalo? Tuchukue mfano. Mgonjwa wetu amepimwa, na kwenye FBN1 amekutwa na badiliko ambalo halimo katika hifadhidata yoyote ya watu wasioumwa. Mpimaji ataliona ni adimu sana, na uadimu humfanya alishuku. Lakini tuseme badiliko hilo, hapa Burundi, linapatikana kwa mtu mmoja katika kila watu 50, na wote ni wazima. Lingekuwa linaleta Marfan, ugonjwa ungekuwa mara 100 zaidi ya ulivyo kwingine duniani, na Bujumbura nzima ingejua. Kwa hiyo halina hatia. Tatizo ni kwamba mpimaji hawezi kujua, kwa sababu wazima hao hakuna aliyewapima. Anatoa jibu la "huenda ni kasoro", familia inatiwa hofu, binti anakatazwa kuolewa, na kosa liko kwenye orodha. Asiyekuwepo na lake halipo.

Huu si wasiwasi wa kubuni. Mwaka 2016 Arjun Manrai na wenzake wa Harvard walichapisha utafiti juu ya ugonjwa mwingine wa moyo wa kurithi, ule unaofanya misuli ya moyo kuwa minene kupita kiasi. Waliona kwamba Wamarekani weusi walikuwa wameambiwa wana mabadiliko ya kuleta ugonjwa, na baadaye ikagundulika kwamba mabadiliko hayo hayana madhara na ni ya kawaida miongoni mwa watu weusi. Walikokotoa pia kwamba kama watafiti wa mwanzo wangeingiza hata idadi ndogo ya watu weusi kwenye kundi la wazima la kulinganisha, makosa yale yangeepukwa. Idadi ndogo tu, na haikuingizwa.

Afrika ina aina nyingi za mabadiliko ya jeni kuliko bara lolote, kwa kuwa binadamu ameishi hapa muda mrefu kuliko kwingine. Mradi wa utafiti wa Kiafrika uitwao H3Africa ulipochapisha mwaka 2020 jenomu, yaani maelekezo yote ya kurithi, za watu 426 kutoka makundi 50 ya lugha na asili, yalipatikana mabadiliko zaidi ya milioni 3 ambayo hayakuwa yameandikwa popote. Na bado, kwa hesabu iliyotolewa mwaka 2019, katika watu wote waliokuwa wameingizwa kwenye tafiti za kulinganisha jenomu nzima na magonjwa, asilimia 78 walikuwa wa asili ya Ulaya na asilimia 2 tu wa asili ya Afrika.

Je, sisi wa Burundi? Kuna jambo ambalo wengi hapa hamjalisikia. Barundi wamo katika mradi mmoja mkubwa, ule wa kuchunguza tofauti za jenomu za Afrika, uliochapishwa mwaka 2015 na Deepti Gurdasani na wenzake, wenye watu 1,481 wa makundi 18. Lakini ni Barundi waishio Uganda. Tena walipimwa kwa chipu, kipimo kinachotazama sehemu zilizochaguliwa mapema na kuruka nyingine zote. Jenomu zilizosomwa herufi kwa herufi zilikuwa 320, za Waethiopia, Baganda na Wazulu. Kwa uvimbe wa ateri chipu haitoshi, kwa sababu kasoro tunayoitafuta ni ya familia moja, na chipu hutazama yale yanayojulikana kwa wengi. Miaka minne baadaye Uganda ilitoa data ya watu 6,400 wa vijijini, eneo la Kyamulibwa, na kati yao jenomu 1,978 zilisomwa zote. Hiyo ndiyo hazina iliyo karibu nasi zaidi. Daktari wa hapa anayetafsiri majibu ya mgonjwa wake leo, ajue kwamba wazima walio karibu zaidi wa kulinganisha naye wako Kyamulibwa.

Mtu atauliza kama tunaomba hisani. Hapana. Dunia imeshafaidika na damu ya Kiafrika katika jambo hili hili. Mwaka 2005 Jonathan Cohen na Helen Hobbs huko Dallas waliona kwamba Wamarekani weusi wapatao 2 katika kila 100 wana badiliko linalozima jeni ya PCSK9, na kwamba mafuta mabaya kwenye damu yao ni kidogo sana. Mwaka uliofuata walionyesha kwamba watu hao hupata ugonjwa wa ateri za moyo kwa kiwango kilichopungua kwa asilimia 88. Dawa zikatengenezwa kuiga badiliko hilo, zikaanza kuuzwa mwaka 2015. Kisha mwaka 2023 utafiti wa watu zaidi ya 39,000 wenye uvimbe wa aota ya tumbo, ukilinganishwa na wengine zaidi ya milioni moja wasio nao, ulitaja sehemu 121 za jenomu zinazohusika, na ukaionyesha PCSK9 kuwa mlango unaofaa wa kutafutia dawa. Kama watu weusi wa Dallas wasingepimwa, mlango huo ungechelewa kufunguka kwa wote.

Lazima niseme pia kwamba si kila uvimbe ni wa jeni. Kaswende isiyotibiwa huharibu aota, na kabla ya penisilini ilikuwa chanzo kikubwa. Virusi vya UKIMWI vimehusishwa na uvimbe wa ateri kwa vijana, na madaktari wa Durban wameliandika hilo sana. Kuna uvimbe unaotokana na kinga ya mwili kushambulia ateri, katika ugonjwa uitwao Takayasu. Shinikizo la damu na sigara vinahusika kila mahali. Mjini Nairobi, Julius Ogeng'o na wenzake wamechapisha tafiti za uvimbe wa aota na wa ateri za ubongo kutoka kwenye mafaili ya hospitali, na hiyo ndiyo kazi ya kwanza ambayo sisi pia tunaiweza: mafaili. Kumpima jeni mtu ambaye kaswende yake haijapimwa ni kupoteza fedha na kumdhulumu.

Nakuja kwenye sehemu ambayo nimeifikiria kuliko zote. Nchi hii ina kumbukumbu ya kupimwa. Mwaka 1954 Mbelgiji Jean Hiernaux alichapisha kitabu juu ya sura na maumbo ya watu wa Ruanda na Urundi, matokeo ya kupima miili ya wazee wetu. Baadaye yeye mwenyewe alikuwa miongoni mwa wanasayansi waliopinga dhana ya kugawa binadamu kwa mbari. Lakini vipimo vya enzi ile vilikuwa vimeshatumika kuwaambia watu wao ni nani, na mnajua, kila aliyeketi hapa anajua, maneno yale yalitupeleka wapi. Kwa hiyo nasema waziwazi: hifadhidata yoyote itakayogusa Warundi isiwe na safu ya kabila. Haihitajiki. Badiliko la jeni ama linafuatana na ugonjwa ndani ya familia au halifuatani, na familia inatosha kuwa kipimo. Jina la kilima nalo libaki kwa daktari, lisiende na sampuli. Na kwa kuwa Marfan hurefusha mwili, msije mkamtazama mtu mrefu mkaona ugonjwa, wala kuutazama ugonjwa mkaona kabila. Daktari hupima kama mikono iliyonyooshwa inazidi urefu wa mwili, hutazama lenzi ya jicho kama imehama, hupima mzizi wa aota. Urefu peke yake hauna maana.

Idhini nayo iwe ya kweli, kwa Kirundi au Kiswahili, ikisomwa kwa sauti, mtu akiwa na siku za kuzungumza na wakubwa wake kabla ya kutia sahihi. Aambiwe damu itakwenda wapi, itakaa muda gani, nani ataiona, na kwamba anaweza kujitoa. Kama sampuli itasomwa nje ya nchi, mkataba upite mbele ya kamati ya taifa ya maadili ya utafiti, na data irudi hapa, katika hali ambayo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Burundi anaweza kuifungua na kuifanyia kazi.

Najua swali linalongoja. Hospitali zetu zinahangaika na mafuta ya jenereta na glavu, sisi tunazungumza jenomu? Nalichukulia swali hili kwa uzito, na jibu langu ni kwamba tusinunue mashine ya kusoma jenomu. Tuanze na kinachogharimu kalamu. Tangu mwaka 2006 kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 ni bure katika hospitali za serikali, kwa hiyo mama wengi hupita mikononi mwetu angalau mara moja. Hapo ndipo pa kuuliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla kabla ya miaka 60, kama kuna aliyeambiwa ana uvimbe wa mshipa au aliyevuja damu kichwani, kama kuna mwenye macho yaliyohama lenzi. Akijibu ndiyo, apelekwe kwenye ekografi. Mashine za ekografi zipo mjini, na aota ya tumbo huonekana kwa dakika chache.

Tena kujua kunasaidia hata pale ambapo upasuaji hauko karibu. Ni kweli kwamba kwa upasuaji wa aota mgonjwa wetu hutazama Dar es Salaam, Nairobi, Kigali au India, na wengi hawana nauli. Lakini dawa za kupunguza kasi ya moyo na shinikizo ni za bei nafuu na zipo madukani. Mama mwenye aota iliyotanuka anaweza kupangiwa uzazi wake mapema, au kushauriwa asibebe mimba. Na kuna jambo dogo lenye uzito: Desemba 2018 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya kwamba antibiotiki za jamii ya siprofloksasini zinaweza kuongeza hatari ya aota kupasuka kwa wenye uvimbe, au wenye magonjwa ya kurithi kama Marfan. Dawa hiyo hapa mjini mtu huinunua kaunta kwa ajili ya tumbo la kuhara. Aliyepimwa ataambiwa aombe nyingine.

Na msiseme daftari kubwa la wagonjwa haliwezekani Afrika Mashariki. Julie Makani na wenzake wa Muhimbili, Dar es Salaam, wamewafuatilia wagonjwa wa selimundu tangu mwaka 2004, na kuanzia 2017 Tanzania, Ghana na Nigeria zimekuwa na daftari la pamoja, lenye kituo cha data Cape Town, lililokwisha kuandikisha wagonjwa zaidi ya 13,000. Selimundu yenyewe huongeza uwezekano wa uvimbe wa ateri za ubongo, kwa hiyo daftari lile na hili ninaloliomba ni majirani.

Jambo la mwisho ninalotaka mlichukue ni la vitendo, na sijaona hifadhidata yoyote kubwa iliyolimaliza. Nimesema hukumu hubadilika. Mgonjwa aliyeambiwa mwaka huu kwamba badiliko lake halijulikani maana yake, baada ya miaka mitano linaweza kuthibitishwa kuwa kasoro, au kufutwa kabisa. Ni nani atamrudia? Huko Ulaya barua inaweza kutumwa. Hapa namba ya simu hubadilika, mtu huhama kutoka Kinama kwenda Rumonge, au huvuka mpaka na kurudi. Tunao, hata hivyo, wahudumu wa afya wa jamii kwenye kila kilima, wanaojua nani amehama, nani amefiwa na nani amezaa. Napendekeza kwamba kila familia itakayoingia kwenye daftari imchague mhudumu wake, jina lake liandikwe kwenye faili kwa ridhaa ya familia, na mara moja kwa mwaka hospitali impigie, hata kama hakuna jipya la kusema, imuulize tu kama familia bado iko pale.